Homa ya ini: Adui wa kimya katika ufuo wa Ziwa Victoria

UKIFIKA katika ufuo wa Dunga mjini Kisumu alfajiri, wakati mashua zinaporejea kutoka ziwani na akina mama wakisubiri samaki kwa karai na ndoo, hutakosa mtu wa kukueleza habari za malaria, kipindupindu au Ukimwi. Magonjwa hayo yamezoeleka katika eneo hili kiasi kwamba hata mtoto wa shule ya msingi anajua yanavyoenezwa. Lakini uliza kuhusu homa ya ini, na aghalabu utarudishiwa swali: si ule ugonjwa wa macho kugeuka manjano?

Jibu hilo lina ukweli, ila ni ukweli wa nusu. Wengi walio na homa ya ini ya aina ya B, ambayo ndiyo ya kuogopwa zaidi katika sehemu hii ya Afrika, hawaoni macho ya manjano wala dalili nyingine yoyote kwa miaka ishirini au thelathini. Huvua, huoa, huzaa na kujenga nyumba, huku ini likiharibiwa polepole. Siku dalili zinapojitokeza, tumbo likiwa limejaa maji na mwili umekonda, mara nyingi ini huwa limekwisha kukakamaa au limeota saratani, na daktari huwa hana mengi ya kufanya.

Ripoti iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani (WHO) mnamo Aprili 2024 ilionyesha kwamba homa ya ini inayosababishwa na virusi iliua watu milioni 1.3 mwaka 2022, idadi inayolingana na ile ya waliouawa na kifua kikuu. Aina ya B ilihusika na asilimia 83 ya vifo hivyo, na aina ya C asilimia 17. Watu milioni 254 kote duniani walikuwa wakiishi na virusi vya aina ya B, lakini ni asilimia 13 pekee waliokuwa wamepimwa na kujua hali yao, na asilimia 3 tu waliokuwa wakipata dawa. Afrika ilibeba asilimia 63 ya maambukizi mapya ya aina hiyo.

Jina moja, magonjwa matano

Kabla ya kuendelea, ni vyema kuondoa utata wa majina. Homa ya manjano, ambayo ililipuka katika Kaunti ya Isiolo mwaka 2022, huenezwa na mbu na haihusiani na virusi tunavyovizungumzia hapa, ingawa nayo hushambulia ini na kuyafanya macho kuwa ya manjano. Homa ya ini ni jina la jumla la uvimbe wa ini, na virusi vinavyousababisha vimepewa herufi tano: A, B, C, D na E.

Aina ya A na ya E hupitia kwenye maji na vyakula vilivyochafuliwa na kinyesi. Ya A huwapata wengi utotoni, ikapita bila kutambuliwa. Ya E ni kali zaidi, hasa kwa mwanamke mjamzito. Katika Wilaya ya Kitgum, kaskazini mwa Uganda, mlipuko ulioanza mwaka 2007 uliwaambukiza zaidi ya watu 10,000 na kuua 160. Kambi ya wakimbizi ya Dadaab nayo ilikumbwa mwaka 2012. Mji kama Kisumu, ambao umewahi kushambuliwa na kipindupindu zaidi ya mara moja, hauna sababu ya kujiona salama, kwani njia ya vimelea hivyo ni ile ile: choo, maji, mkono, mdomo.

Aina ya C huenezwa kwa damu, na nchini Kenya husikika zaidi miongoni mwa watu wanaojidunga dawa za kulevya. Ya D haiwezi kuishi peke yake. Humpata tu aliye na ya B. Hivyo basi, kwa mkazi wa ufuoni, herufi inayostahili kumkosesha usingizi ni B.

Umri ndio huamua

Virusi vya B huishi ndani ya damu na majimaji mengine ya mwili. Huenea kwa ngono, kwa sindano na nyembe zilizotumiwa na mtu mwingine, kwa vifaa vya kuchanja au kutoboa masikio visivyochemshwa, na kutoka kwa mama hadi kwa mtoto wakati wa kujifungua. Vinaweza kudumu nje ya mwili, juu ya wembe au meza, kwa muda usiopungua siku saba na bado vikaambukiza. Kwa kipimo hicho, virusi vya Ukimwi ni dhaifu mno vikilinganishwa navyo.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba umri wa mtu anapoambukizwa ndio unaoamua hatima yake. Mtu mzima mwenye afya njema akiambukizwa, kinga ya mwili wake huvifukuza virusi hivyo katika visa zaidi ya 95 kati ya 100. Mtoto mchanga hana uwezo huo. Takriban watoto tisa kati ya kumi wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa hubaki na virusi hivyo maishani. Hii ndiyo sababu mtu anayekufa kwa saratani ya ini akiwa na miaka 40 huenda aliambukizwa siku aliyozaliwa, au alipokuwa akicheza na ndugu zake uani wakiwa na vidonda vya magotini.

Dawa ya kuzuia hali hiyo ipo, na ni ya zamani. Mwanasayansi Mmarekani Baruch Blumberg aligundua kitambulisho cha virusi hivyo katika miaka ya 1960, akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1976, na siku yake ya kuzaliwa, Julai 28, sasa huadhimishwa kama Siku ya Homa ya Ini Duniani. Taiwan ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 1984, na katika muda wa miaka kumi hivi saratani ya ini miongoni mwa watoto ikawa imeanza kupungua. Hiyo ilikuwa chanjo ya kwanza kuthibitishwa kwamba inazuia saratani.

Kenya iliingiza chanjo hiyo katika ratiba ya watoto mwishoni mwa mwaka 2001, ikiwa imechanganywa pamoja na zile za dondakoo, pepopunda, kifaduro na bakteria wa Hib. Ilipangwa kutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Fanya hesabu. Mtu yeyote aliyezaliwa kabla ya wakati huo, yaani wavuvi wengi, wachuuzi wa omena wengi, mafundi wa jua kali na hata wahudumu wengi wa afya, hakupata kinga hiyo utotoni. Na hata kwa waliozaliwa baadaye, kuanza chanjo wiki ya sita kuliacha pengo katika siku zile ambazo mtoto yumo hatarini zaidi. WHO hupendekeza dozi ya kwanza itolewe ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa, lakini ripoti yake ya 2024 ilionyesha kwamba barani Afrika ni asilimia 18 tu ya watoto wachanga waliokuwa wakiipata. Shirika la Gavi, ambalo husaidia nchi maskini kununua chanjo, lilikuwa limeidhinisha msaada wa dozi hiyo tangu 2018, likauahirisha kwa sababu ya janga la Covid-19, na likauanzisha mwaka 2024.

Saa 24 si nyingi kwa mama anayejifungua usiku katika kisiwa cha Mfangano au Rusinga. Hata hivyo, chanjo hii ina sifa moja nzuri ambayo haitajwi sana: inastahimili joto kuliko nyingi nyingine. Adui wake mkubwa ni barafu. Ikiganda huharibika.

Ni Wakenya wangapi walioambukizwa? Takwimu nzuri ni chache. Watafiti waliochunguza sampuli za damu zilizokusanywa katika uchunguzi wa kitaifa wa Ukimwi wa mwaka 2007 waligundua kwamba miongoni mwa watu wa miaka 15 hadi 64 wasio na virusi vya Ukimwi, asilimia 31.5 walikuwa wamewahi kukutana na virusi vya B, na asilimia 2.1 walikuwa wakiishi navyo. Asilimia mbili inaonekana ndogo hadi inapogeuzwa kuwa watu: takriban 398,000. Na hesabu hiyo haikuwagusa walio na HIV, ambao ni wengi mno katika ufuo wa ziwa.

Tembe moja, magonjwa mawili

Hapa ndipo habari za Kisumu zinapotofautiana na za sehemu nyingine. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba ilhali maambukizi ya HIV nchini yalikuwa asilimia 4.9 miongoni mwa watu wazima, Homa Bay ilikuwa na asilimia 19.6, Kisumu 17.5 na Siaya 15.3. Sababu zake zimejadiliwa sana, ikiwemo ile desturi ya ufuoni iitwayo jaboya, ambapo mwanamke mchuuzi hulazimika kuwa na uhusiano wa kimapenzi na mvuvi ili asikose samaki. Njia zinazopitisha HIV hupitisha pia virusi vya B, na mtu akiwa na vyote viwili, ini lake huharibika kwa kasi zaidi.

Kwa upande mwingine, janga hilo limeleta jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Virusi hivi viwili si ndugu, lakini hutumia mbinu inayofanana kujinakili ndani ya seli, na baadhi ya dawa zinazozima mmoja huzima na wa pili. Tenofoviri na lamivudini ni dawa za namna hiyo. Tangu 2018 Kenya ilipoanza kuwahamishia watu wenye HIV kwenye tembe moja yenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri, kila anayeimeza kila siku hutibiwa pia homa ya ini B kama anayo, hata kama hajawahi kupimwa.

Kwa hiyo, wavuvi wawili wanaweza kuwa katika mashua moja, wote wakiwa na virusi vya B. Yule mwenye HIV ana kadi ya kliniki, anapewa tembe bila malipo na ini lake limelindwa. Mwenzake asiye na HIV, ambaye mtaani huonekana ndiye mwenye bahati, hana kadi, hana tembe, na huenda hajui lolote. Sijui kama kuna kinaya kikubwa kuliko hicho katika mfumo wetu wa afya.

Ulinzi huo una sharti lake. Mtu mwenye virusi vya B akiacha tembe hizo ghafla, virusi vilivyokuwa vimelala huamka, na ini linaweza kuvimba vibaya kiasi cha kuhatarisha maisha. Ndiyo maana wataalamu walifuatilia kwa wasiwasi matukio ya Januari 2025, Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje na kuzitikisa kliniki nyingi zilizokuwa zikiitegemea. Waliohesabu hatari ya kukatizwa kwa dawa walizungumzia HIV zaidi. Ini halikutajwa sana.

Sharti hilo linawahusu pia wasio na HIV wanaomeza dawa za kujikinga nayo. Kisumu ilikuwa miongoni mwa vituo vya utafiti wa Partners PrEP, uliozishirikisha jozi 4,758 za wachumba na wanandoa nchini Kenya na Uganda, na ambao mwaka 2011 ulionyesha kwamba tembe za tenofoviri hupunguza maambukizi kwa asilimia 67, na zikichanganywa na emtricitabini kwa asilimia 75. Watafiti waliwapima washiriki na hawakuwaingiza wale wenye virusi vya B, kwa kuhofia yale yatakayofuata watakapoacha dawa. Nje ya utafiti, mtu huanza na kuacha tembe apendavyo.

Kadhalika kuna dawa mpya za HIV za kudungwa mara moja kwa miezi kadhaa, kama vile kabotegraviri na lenakapaviri. Zimepokewa kwa shangwe, na kwa haki, kwani nani asiyechoka kumeza tembe kila siku? Lakini dawa hizo hazizuii virusi vya B. Mgonjwa anayehamishwa kutoka kwenye tembe hadi kwenye sindano bila kupimwa ini anaweza kupoteza kinga ambayo hakujua anayo. Swali la kumuuliza daktari kabla ya kubali sindano ni fupi: je, nimepimwa homa ya ini B?

Ini lina maadui wengine ziwani

Haitoshi kuzungumzia virusi pekee katika eneo hili. Kichocho cha matumbo, ambacho minyoo yake hukua ndani ya konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama ziwani, nacho hulenga ini. Mayai ya minyoo hiyo hukwama katika mishipa midogo ya ini na kuacha makovu. Damu ikikosa njia hurudi nyuma, mishipa ya umio huvimba, na siku moja hupasuka. Mgonjwa hutapika damu nyingi. Mtu aliyekakamaa ini kwa sababu ya homa ya ini B naye hutapika damu vivyo hivyo, na daktari wa ufuoni anapompokea mgonjwa wa namna hiyo hana budi kufikiria yote mawili. Mgonjwa mmoja anaweza kuwa nayo yote.

Kisumu imechangia pakubwa katika elimu ya kichocho. Kwa miaka mingi watafiti wa taasisi ya KEMRI na wenzao wa Marekani waliwafuatilia vijana wanaoosha magari ndani ya maji ya ziwa, wakiwatibu kwa prazikwanteli na kuona wanaambukizwa tena baada ya muda gani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba baadhi yao hujenga ukinzani polepole kadiri wanavyotibiwa na kuambukizwa tena, na kwamba HIV huweza kuuvuruga ukinzani huo. Karibuni zaidi, Homa Bay ilikuwa mojawapo ya mahali palipofanyiwa majaribio tembe mpya ya watoto wadogo, inayoyeyushwa katika maji na isiyo chungu kama ile ya watu wazima. Mamlaka ya dawa ya Ulaya iliipitisha Desemba 2023. Kabla ya hapo, mtoto wa miaka mitatu anayeoga ziwani na mamake hakuwa na dawa iliyotengenezwa kwa ajili yake.

Kuna pia sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na njugu zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu, yaani aflatoksini. Mwaka 2004 sumu hiyo iliwaathiri watu 317 katika eneo la Ukambani, na 125 wakafa. Uchunguzi wa wakati huo ulibaini kwamba waliokuwa na virusi vya B walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuugua. Hata ikiwa kidogo kidogo, sumu hiyo ikikutana na virusi hivyo ndani ya ini moja huongeza mno uwezekano wa saratani. Debe la mahindi yenye ukungu halipaswi kupelekwa kusagwa, hata kama bei imepanda.

Utafiti umefika wapi

Kwa aina ya C habari ni njema kabisa. Virusi vyake viligunduliwa mwaka 1989, kazi iliyowapa Harvey Alter, Michael Houghton na Charles Rice Tuzo ya Nobel mwaka 2020, na tangu 2013 kumekuwa na tembe zinazoponya zaidi ya wagonjwa 95 kati ya 100 kwa muda wa wiki 8 hadi 12.

Aina ya B ni mkaidi. Hujificha ndani ya kiini cha seli za ini, ambako tenofoviri haifiki. Dawa hiyo huvizuia visizaane lakini having'oi, ndiyo maana wengi huimeza kwa miaka mingi. Watafiti wanatafuta dawa ya kuving'oa. Moja inayoitwa bepirovirseni, ambayo hudungwa kila wiki, ilipojaribiwa iliwafanya takriban mgonjwa mmoja kati ya kumi wakae bila alama ya virusi hivyo katika damu miezi sita baada ya kumaliza sindano, kulingana na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022. Ni hatua, ila si tiba ya kumtangazia mvuvi wa Usenge leo.

Lenye manufaa ya karibu zaidi ni mwongozo wa WHO wa Machi 2024. Awali, kuamua nani apewe dawa kulihitaji vipimo ambavyo hospitali nyingi ndogo hazina. Mwongozo mpya umepanua orodha ya wanaostahili kutibiwa na kuruhusu hali ya ini ikadiriwe kwa hesabu rahisi inayotokana na vipimo vya kawaida vya damu. Aidha, mjamzito mwenye virusi vya B anaweza kupewa tenofoviri ili asimwambukize mtoto, hata pale ambapo hakuna mashine ya kupima wingi wa virusi. Bei nayo si kisingizio kikubwa: WHO ilieleza kwamba tenofoviri inaweza kununuliwa kwa takriban dola 2.4 za Marekani kwa mwezi. Tatizo ni kwamba nchi nyingi hulipa zaidi ya hapo, na kwamba kumpima mgonjwa huweza kugharimu kuliko kumtibu.

Nani basi apimwe? Mjamzito, kwa kuwa anatolewa damu ya HIV na kaswende hata hivyo na tone lile lile linatosha. Mhudumu wa afya. Mwenye HIV, na anayetaka kuanza tembe za kujikinga. Aliye na mzazi au ndugu aliyefariki kwa uvimbe wa ini au tumbo kujaa maji. Kipimo cha haraka huchukua muda usiozidi nusu saa. Asiye na virusi wala kinga huchanjwa dozi tatu, kwa kawaida katika muda wa miezi sita. Aliyepatikana navyo hurudiwa kipimo baada ya miezi sita ili ijulikane kama mwili umevifukuza, na wakati huo huo ini lake hukaguliwa.

Anayesubiri majibu hayo ajiepushe na pombe, na afikirie mara mbili kuhusu mizizi na majani ya kuchemshwa yanayouzwa sokoni kuwa ya kusafisha ini, kwa sababu ini ndilo linalolazimika kuichuja kila dawa ya aina hiyo na baadhi yake hulidhuru. Wembe na mswaki viwe vyake peke yake. Mke au mume na watoto wapimwe na kuchanjwa. Lakini sahani ya ugali na samaki iendelee kuliwa pamoja, na mama aendelee kunyonyesha: virusi vya B havienezwi kwa kula pamoja, kwa kusalimiana wala kwa maziwa ya mama.